Mwanafunzi wa Mzee Pandu

Chokocho, Pemba
24 Juni 2024

Mwanangu Ashraf,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaileta, marahaba. Sisi huku wazima. Idd imepita salama, nyama tumekula mpaka watoto wakaanza kuitazama vibaya. Masika yamekawia kuondoka na mihogo ya nyuma ya nyumba imeoza nusu. Mkwe wa Bi Mwatum kajifungua mtoto wa kike, wamempa jina la Asya. Baba yako anakula, anasali, analalamika, basi ujue hajambo.

Usiniulize kwa nini naandika na simu ipo. Simu yangu humu ndani inapokewa na kila mwenye mkono, na neno likisemwa Chokocho asubuhi, adhuhuri liko Kisiwa Panza na limeshaongezwa chumvi. Tena nimesomesha Kiswahili skuli miaka yote ile, wewe mwenyewe ukiwemo, sitaki kufa nikiwa natuma sauti tu.

Haya, lililonifanya nishike kalamu ni hawa wanafunzi wa chuo chenu wanaokuja fildi, kujifunza kwa vitendo. Mwaka jana ulituletea wawili. Mmoja alilia kila magharibi kwa ajili ya mbu. Mwengine siku ya pili akaniuliza ofisi ya kikundi chetu cha ngoma ya kibati iko wapi, na wakati huo amekaa ndani yake. Walikuwa watoto wazuri lakini, na kikundi kinawakumbuka. Mwaka huu naomba mmoja tu, mwanamme. Atalala chumba cha nje, karibu na baba yako, na atakuwa anamsindikiza mazoezini kwenda na kurudi. Si kwa lolote, miguu tu.

Na wewe ulisema mwaka huu utawaleta mwenyewe. Nauliza tu.

Shangazi yako,
Hija


Dar es Salaam
9 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Yussuf, na nimeisoma nimekaa wima, maana mwandiko wako bado unanitisha kama enzi za darasani. Hapa nyumbani sote wazima. Ruweida anakusalimu sana. Safaa ameanza darasa la kwanza na anaongea Kiswahili cha Dar kitupu. Akisikia sauti yako kwenye simu anacheka, anasema bibi anaimba. Mwambie Bi Mwatum hongera kwa mjukuu.

Ninamtuma kijana anaitwa Usama, mwaka wa tatu, mtu wa Kondoa. Bahari ameiona mara ya kwanza alipokuja chuo. Ni mkimya na ana adabu za nyumbani. Kazi yake ni kusaidia shughuli za kikundi, kurekodi mazoezi ya kibati, na kujifunza kwa Baba kadiri Baba atakavyokubali kumfunza. Naomba asiachwe akae tu. Mpeni kazi hata ya kufagia.

Kuhusu mimi kuja, mwezi huu tunasahihisha mitihani, na nimeombwa niongoze idara mpaka mkuu wetu arudi kutoka masomoni. Kwa kawaida mwalimu hutakiwa aende akamkague mwanafunzi pale alipo. Mimi nitamkagua kwa simu.

Jambo moja sikulielewa. Kutoka mlangoni kwa Baba hadi nyumba ya kikundi ni hapo na hapo. Hiyo miguu ina nini? Niambie nimtumie dawa ya kuchua.

Wako,
Ashraf


Chokocho
11 Agosti 2024

Mwanangu Ashraf,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mkeo na huyo Safaa anayemcheka bibi yake. Huku karafuu zimeanza, kila ukumbi una jamvi na kila mtu ana mikono myeusi. Bi Mwatum anaumwa na mgongo lakini mtini anataka kupanda yeye. Tumeshindwa kumzuia, tumemwachia Mungu.

Usama amefika. Boti ilimtesa. Alishuka Mkoani rangi imemtoka, akakaa juu ya begi lake, akasema anaomba asisemeshwe kwanza. Nikampenda palepale. Pweza mwanzo alimkimbia, sasa anauliza kama amebaki. Anapasha ngoma moto kabla ya mazoezi, anakunja mikeka baada yake, na kile chombo chenu cha kurekodia anakibeba kwa mikono miwili. Kijana huyu mama yake kamlea.

Sasa sikiliza. Kibati unakijua, umekulia ndani yake. Watu wawili, mmoja anarusha neno, mwenzake analidaka na kulirudisha, ngoma inawakimbiza, na la jana leo halisemwi. Ukirudia, umefilisika. Baba yako na Mabruki walikuwa hivyo tangu ndevu hazijawaota. Mabruki alipofariki mwaka juzi, baba yako akawa anaimba peke yake. Anarusha, ananyamaza, anainamisha kichwa, anacheka, kisha anajibu. Sote tukasema Mzee Pandu anamuenzi mwenzake. Wanafunzi wako wa mwaka jana walikupigia na picha.

Usama baada ya mazoezi ya pili akanifuata jikoni, akaniuliza Mzee anapocheka pale katikati anamcheka nani. Nikamwambia anamkumbuka rafiki yake. Akasema, "Lakini kaniuliza mbona Mabruki leo kachelewa."

Basi Ashraf, mimi nilikuwa najua. Nilijua tangu mfungo. Miguu haina kitu. Baba yako alitoka kwenda kusali alasiri, akakutwa pwani anatafuta mtu wa kumvusha aende kwa mama, na mama yetu tumemzika wewe hujazaliwa. Kwenye mambo mengine unamwona kapotea waziwazi. Kwenye kibati humwoni, kwa kuwa hakuna anayemtarajia akumbuke la jana. Amejificha humo na sisi tukawa tunampigia makofi.

Lililobaki ndilo zito. Wiki ya pili akaanza kumwita Usama kwa jina lako. Kijana kwa adabu akasema yeye ni Usama. Baba yako akanyanyuka, akatoka barabarani, akawa anamuuliza kila apitaye kama Ashraf kashuka. Alisimama juani mpaka midomo ikamkauka, na mimi namvuta mkono haji. Ikatokea tena, vilevile. Mara ya tatu nikamwita Usama pembeni, nikamwambia, "Akikuita, itika." Aliniangalia kama nimemtuma akaibe. Lakini akaitika.

Sasa nyumba imetulia. Baba yako anacheka, anakula kwa hamu, anamfunza kijana usiku na mchana. Ni mimi nisiyelala. Njoo, mwanangu. Sikuamrishi, nakuomba.

Shangazi yako,
Hija


Dar es Salaam
2 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa kwa mtu aliyekuja nayo, kisha ikachelewa kwangu, maana nimekaa nayo mezani muda mrefu. Sisi hatujambo. Safaa kang'oka jino. Ruweida anauliza kama mgongo wa Bi Mwatum umepata nafuu.

Sitaki tulikuze jambo. Baba tangu zamani anawapa watu majina. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo aliniita Mabruki mwezi mzima, eti kwa kuwa nabishana. Umri nao una mambo yake. Nimemweleza daktari mmoja hapa, kasema huenda ni presha, huenda ni maji hanywi ya kutosha. Namtumia vidonge vya vitamini kwa Yussuf.

Lakini hili la kumwambia mwanafunzi aitikie jina langu, Shangazi, hapana. Hakuletwa kwa hilo. Kijana wa watu ameletwa ajifunze sanaa, na mimi ndiye ninayempa alama. Nilimpigia simu nikamwambia aache. Akajibu, "Sawa, mwalimu." Mara nikasikia nyuma yake sauti ya Baba, nzima kabisa, sauti ya siku zote, inaita, "Ashraf, chai yapoa." Nilifungua mdomo niitike. Usama akatangulia.

Nikakata simu. Niliona wivu, Shangazi, nisikufiche. Mtu mzima mwenye mke na mtoto, nimemwonea wivu mtoto wa watu kwa kikombe cha chai.

Muda wake unaisha katikati ya mwezi huu na lazima arudi, masomo yanaanza. Mimi nitakuja Desemba, inshaallah. Desemba si mbali.

Ashraf


Chokocho
29 Septemba 2024

Ashraf,

Salamu. Huku wazima kwa uzima unaoujua. Bi Mwatum kaanguka mkarafuu, mkono umeteguka, ulimi haukuguswa. Vitamini zimefika. Baba yako anazitema kwenye chungu cha maua, nimeziona tatu.

Usama ameondoka. Nakueleza ilivyokuwa kwa kuwa hutasikia kwa mwengine. Tulipanga asiseme kwaheri, atoke tu alfajiri, mimi nimshughulishe Mzee. Kijana akakataa. Akasema hawezi kumlia mtu chumvi yote ile kisha atoke kama mwizi. Akaingia chumbani, akapiga magoti, akasema, "Baba, nakwenda Dar, masomo yamefunguliwa."

Baba yako hakulia wala hakuuliza maswali. Alikuwa na akili zake zote pale, wallahi, kasoro moja tu. Alimwambia akae vizuri. Akamwekea mkono kichwani, akamsomea Fatiha, akaomba dua ndefu kwa ajili ya kazi yako, na mkeo, na mtoto, akamtaja Safaa kwa jina. Kisha akasema, "Radhi zangu zote nimekupa, za duniani na za akhera. Sina ninachokudai. Nenda mwanangu."

Mimi nilikuwa mlangoni na fungu la mkate nililomfungia kijana wa watu ale njiani. Ashraf, nilitaka kusema. Nilitaka kumshika kaka yangu mkono nimwambie ngoja, siye huyu, usizitoe zote. Lakini ningemwambia siye, angetoka barabarani kuuliza. Nikanyamaza, akazimaliza. Usama alibaki chini ya ule mkono, asiweze kuuondoa.

Toka siku hiyo baba yako yuko kimya. Hatoki kumtafuta mtu. Ukimuuliza, anasema Ashraf alikuja, walikaa pamoja vizuri, kisha akaenda zake na radhi zake. Amemaliza kazi yake ya uzazi, ndivyo anavyoona. Mazoezini haji tena.

Sijui nikuambieje. Mimi ndiye niliyesema aitike. Nilitaka atoke juani tu.

Shangazi yako,
Hija


Dar es Salaam
20 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Safari hii sina habari za nyumbani, wote wazima, nisamehe.

Usama alikuja ofisini kabla barua yako haijafika. Nilidhani amekuja kwa ajili ya ripoti yake. Alifunga mlango akabaki kasimama. Akasema, "Mwalimu, nimekuja na vitu vyako, sijui vinarudishwaje." Akanieleza neno kwa neno. Ile dua aliikariri yote, kwa sauti ya Baba, mpaka mahali Baba anapovuta pumzi. Amefunzwa vizuri huyu, Shangazi, lazima niliseme. Alipomaliza akalia, na mimi nikiwa mwalimu wake nikashindwa hata kumwambia kaa.

Alama nimempa. Nilimpa za juu, na nikaona haya kuandika nambari ile.

Muulize Shehe hapo, bila ya kunitaja. Mtu akipewa radhi na mzazi wake, lakini mkono ukawekwa juu ya kichwa cha mwengine, zinamfikia? Nimesoma nilivyosoma, hili sijui nimuulize nani.

Nakuja. Sisubiri Desemba. Nimeomba ruhusa ya Novemba.

Ashraf


Chokocho
24 Novemba 2024

Mwanangu Ashraf,

Salamu za wote. Novemba inakwisha na hujaonekana. Nimeambiwa na Yussuf kuwa idara imekubana na umeisogeza safari hadi mwisho wa mwaka. Sikulaumu. Nimechoka kukulaumu, nimegundua ni kazi bure kama kuvukuta jiwe ukitaka liwake moto.

Shehe nimemuuliza. Hakunihukumu. Alisema Mwenyezi Mungu anajua nia ya mzee, na dua haikosei njia kwa sababu mkono umekosea kichwa. Halafu akaniuliza, "Lakini huyo mtoto mwenyewe yuko hai?" Nikasema yuko hai. Akasema, "Basi kwa nini unaniuliza mimi?" Nikarudi nyumbani.

Vijana wa kikundi wamejaribu kuimba bila ya baba yako. Wanapiga vizuri, wanaruka vizuri, lakini mmoja akirusha neno mwengine anacheka tu. Watu wakaondoka katikati, wakajifanya wanakwenda kusali, na wakati wa sala bado. Chuo chenu kimetuandikia kinataka mwakani kituletee wanafunzi wanne, eti fildi ya Usama imesifiwa. Sikujibu. Niwaambie watakuja kujifunza nini?

Baba yako amekonda. Haumwi, hajagoma kula, anakula kidogo tu kama mtu aliyekwishashiba. Ukija, usije na matumaini mengi. Lakini njoo.

Shangazi yako,
Hija


Dar es Salaam
14 Januari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tumefika salama, bahari ilikuwa shwari, Safaa alilala njia nzima juu ya ule mfuko wa ubuyu uliompa. Ruweida anashukuru kwa yote. Mwambie Bi Mwatum mkono aupumzishe, na ulimi pia ukiweza.

Pale bandarini Mkoani uliniuliza Baba kaniambia nini siku ile ulipokwenda mazikoni Kiuyu ukatuacha peke yetu. Nikakujibu hakusema kitu. Sikusema kweli. Uso kwa uso sikuweza, ndiyo maana naandika.

Siku zote ulizokuwepo uliona mwenyewe, alikuwa akinipa mkono, akiniita mgeni, na wewe ukizungumza haraka haraka ili nisisikie. Siku ile aliamka mchangamfu. Niliingia na chai, nikasema, "Baba, mimi Ashraf." Nilisema polepole na kwa upole kama ulivyonishauri. Alinitazama vizuri tu, akatabasamu, akasema, "Karibu, mwanafunzi. Hamkosi kuja nyinyi." Akanionyesha pa kukaa. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Chokocho. Akacheka sana, akasema mwanafunzi huyu mjanja, anataka apendwe mapema.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu yupo chuo hukohuko kwenu. Wamjua?"

Ningesema nini, Shangazi? Nikasema namjua.

Akataka kujua kama hajambo, kama watu wa kule wanamheshimu, kama bado ana kazi nyingi. Nikajibu yote. Sijawahi kuulizwa habari zangu na mtu anayezitaka vile. Akanieleza jinsi mwanawe alivyokuja wakati wa karafuu, akalala chumba cha nje, akawa anapasha ngoma moto na kukunja mikeka, na jioni wanajibizana mpaka wewe unawagombeza. Alisema tangu anizae hajawahi kukaa na mimi namna ile. Alikuwa na furaha, Shangazi, uso wake wote. Kila alichokisimulia mimi nilikuwa hapa Dar nasahihisha mitihani.

Nikafikiri labda kibati kitamrudisha. Nikapiga meza kwa vidole, pigo lilelile la kuanzia. Akalidaka mara moja, akarusha neno, akaninyamazia akiinamisha kichwa. Ananingoja mimi. Ilikuwa zamu yangu. Nilitafuta neno nikalikosa, Shangazi. Mimi ninayesomesha sanaa za maonyesho sikuwa na hata moja la kumrudishia baba yangu. Akangoja, akangoja, kisha akanipiga begani taratibu, akasema nisijali, wote huanza hivyo.

Nilipomuaga siku ya safari hukuwepo chumbani, ulikuwa unafunga mizigo. Nilipiga magoti. Hakuniwekea mkono kichwani. Alinipa mkono kama anavyowapa wageni, akasema, "Mwambie Ashraf aje tena. Aje kama ile mara." Nikamwambia nitamfikishia.

Usama anamaliza mitihani mwezi ujao na ana likizo. Alikuwa ameniomba ruhusa ya kurudi Chokocho kwa nauli yake, kabla hata mimi sijasafiri, nikawa nakwepa kumjibu. Jana nimemwita ofisini nikampa ujumbe wa Baba kama ulivyo. Anakuja huko mara mitihani ikiisha. Mwandalie chumba cha nje, na usimwambie Baba kuwa ni mwanafunzi.

Mwanao,
Ashraf